Msumari Mtupu wa Royal Pitzen

Alhamisi ile, siku mbili kabla ya msimu wa kuvua kwa mkuki kufunguliwa, mgeni mmoja aliingia katika baa ya Lavonne Thiel hapa Altmann Point, akagonga viatu vyake vipya kuangusha theluji, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuhudumiwa:

"Samahani, lebo ya sturjeni inauzwa wapi hapa?"

Wacheza karata waliacha karata zao hewani. Jibini iliyokuwa ikikaangwa jikoni ilisikika ikichemka peke yake. Halafu wote wakaangua kicheko, kicheko kile ambacho sisi wa Ziwa Winnebago hukipata mara moja kwa mwaka, na ambacho siku zote huletwa na mtu wa Illinois.

Maana kila mtoto wa huku anajua kwamba lebo ya sturjeni, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, huuzwa mpaka tarehe thelathini na moja Oktoba, na baada ya hapo haiuzwi hata kwa gavana. Serikali inataka uinunue wakati ziwa halijaganda, hujui kama barafu itashika wala kama maji yatakuwa safi au matope. Yaani ukubali kupumbazwa mapema, kwa hiari yako. Na bila lebo ya kumfunga samaki palepale anapotolewa majini, hata ukimchoma, huna samaki. Una kesi.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni na glasi yake ya brandi, na jina lake lilikuwa Royal Pitzen.

Royal alikuwa na miaka hamsini na minne, masharubu yaliyochanwa vizuri, na sauti laini ya kumtoa nyoka pangoni. Aliwahi kumuuzia mkulima mmoja farasi kiziwi kwa sifa ya utulivu. Aliwahi kuwatoza watu wa Milwaukee ada ya kuegesha magari mahali ambapo tangu dunia iumbwe paliegeshwa bure. Sisi tulimjua, na kwa kuwa tulimjua hakutupata mara nyingi. Riziki yake aliitafuta kwa wageni.

Lakini hata mjanja ana kidonda chake, na kidonda cha Royal kilikuwa ukutani. Baba yake Lavonne, marehemu Aloys, alianza desturi ya kumpigilia kila mtu wa Altmann Point msumari wake ukutani siku anapokata leseni ya kwanza. Ukichoma sturjeni, picha yako na samaki hutundikwa kwenye msumari wako, na hapo umekuwa mtu. Msumari wa Royal ulipigiliwa miaka thelathini na moja iliyopita. Ulikuwa mtupu. Upande wa kulia palikuwa na picha ya shemeji yake. Kushoto palikuwa na Mildred, mpishi wa shule, aliyechoma wa kwanza akiwa na miaka kumi na minne, dakika kumi tu baada ya kuketi. Watu walitundika kofia zao kwenye msumari wa Royal. Krismasi moja mtu alitundika kopo la dagaa.

Royal alicheka na wenzake siku ile ya kopo. Nyumbani hakula chakula cha jioni.

Basi alinyanyuka na glasi yake, akamsogelea mgeni.

"Usiwasikilize hao, kaka," alisema. "Wanacheka kwa sababu hawana hata meno ya kutafunia."

"Nimeona," alisema mgeni. "Mimi ni daktari wa meno."

Jina lake lilikuwa Prentiss Gadbury, ana kliniki mbili karibu na Chicago, na shida yake, kama alivyoieleza baada ya Royal kumnunulia brandi moja na yeye kumnunulia Royal tatu, ilikuwa shida ya ukuta. Jirani yake, naye daktari wa meno, alikuwa amevua samaki mkubwa huko Florida na kumtundika sebuleni.

"Futi saba," alisema Daktari kwa uchungu. "Kila nikialikwa kula kwake ananikalisha chini ya mkia. Mke wangu anamsifu. Yule samaki, si jirani. Nadhani."

"Pole sana, Daktari. Na wewe unataka wa ukubwa gani?"

"Futi saba na nusu inchi."

Royal alitikisa kichwa kama mzee wa kanisa aliyeombwa siri ya madhabahu. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Yupo bibi mmoja humu ziwani," alinong'ona. "Babu zangu walimjua. Kila msimu hupita palepale, saa tano asubuhi, kama mama aendaye ibadani. Kibanda changu cha barafuni kiko juu ya njia yake."

"Na lebo?"

Royal alitoa pochi, akafungua taratibu, akaiweka lebo yake mezani. "Jina la juu ni langu. Samaki wa chini atakuwa wako."

Hapa msomaji atauliza: mtu mwenye kidonda cha miaka thelathini na moja anauzaje lebo yake? Ndiyo ujue kukata tamaa kulivyo. Kila Oktoba Royal alinunua lebo. Kila Februari alikaa gizani ndani ya kibanda akitazama tundu la maji ya kijani kama mtu aangaliaye televisheni yenye kipindi kimoja. Kila mwaka aliitupa lebo jikoni ikiwa safi. Safari hii aliona heri karatasi ile imletee dola mia tatu kwa siku, pamoja na kodi ya kibanda, kuliko imletee aibu bure.

Daktari alilipa ya Jumamosi papo hapo, akaitia lebo mfukoni mwa shati.

Sasa ilibaki kumtafuta huyo bibi. Royal hakwenda mbali. Alinyoosha shingo tu, akamtazama Klara.

Klara alikuwa samaki wa mbao. Aloys Thiel alimchonga kwa mti wa mwerezi, futi saba kasoro kidogo, akamtia madini ya risasi tumboni, mapezi ya bati, pini za shaba kuwa macho, na safu ya magamba ya mifupa mgongoni iliyochongwa moja moja, maana sturjeni hana magamba kama samaki wa siku hizi. Sturjeni ni mtu wa zamani. Amewaona dinosaria wakija na amewaona wakizikwa, na binamu yake mwenye pua ya kasia bado anaishi mito ya kusini, na wote wawili hawajaona sababu ya kubadilisha nguo. Aloys alimpa samaki yule jina la mkewe. Mkewe hakusema naye wiki mbili. Tangu wakati huo Klara aliishi juu ya kaunta, amefungwa waya tumboni, akitutazama tukilewa.

"Lavonne, dada yangu," alisema Royal wageni walipopungua. "Klara amechakaa rangi. Hebu niazime nikampake upya, kwa kumbukumbu ya marehemu. Ijumaa ya wiki ijayo atakuwa amerudi, kabla samaki wa kukaanga hawajatoka jikoni."

Lavonne alikuwa na miaka sabini na mbili, na hakuwahi kukubali jambo la Royal bila ubishi wa nusu saa. Siku hiyo alifuta glasi, akamtazama kidogo.

"Mchukue. Ila usimkwaruze pua."

Royal alitoka na Klara begani kabla Lavonne hajabadili mawazo. Kule nje aliona kwamba samaki yule ana pete ya chuma chini ya pua na nyingine mkiani, mahali hasa ambapo mtu angependa kufunga kamba. Alimshukuru Mungu kwa bahati. Hakujiuliza pete zile zilikuwa za nini, na mtu ambaye hajiulizi anapobahatika amekwisha nusu.

Ijumaa nzima Royal alifanya kazi barafuni kama mtu mwenye kazi. Kwa msumeno wa mashine alikata tundu la mstatili, kubwa kama mlango, katika kibanda alichomkodisha Daktari. Hatua ishirini mbele yake kulikuwa na kibanda chake mwenyewe, na tundu lake. Hatua ishirini nyuma alitoboa kijishimo na kukifunika kwa mti mkavu wa Krismasi. Kwetu miti ya Krismasi hutumika kuonyesha njia juu ya ziwa, kwa hiyo hakuna anayeuliza mti unafanya nini barafuni. Akateremsha nguzo mbili zenye kapi, akapitisha kamba nyeusi chini ya barafu kwa ubao, kama wapitishavyo wavuvi wa nyavu. Mwisho akamfunga Klara pua na mkia. Ukivuta kamba huku, Klara anakwenda. Ukivuta kule, anarudi. Royal alijaribu mara nne, na mara ya nne alijikuta akitabasamu kwa mapenzi kabisa. Lazima tukubali kwamba ilikuwa kazi safi.

Jumamosi saa moja asubuhi msimu ulifunguliwa. Royal alimkalisha Daktari kwenye kiti, akamwonyesha maganda ya mayai meupe yaliyomwagwa chini ili samaki akipita aonekane, akampa mkuki mzito wa meno matano.

"Sasa sikiliza desturi ya ziwa," alisema, na desturi hiyo aliitunga palepale huku akivaa glavu. "Siku ya kwanza unamsalimu tu. Siku ya pili anakuzoea. Siku ya tatu ndiyo unachoma. Ukichoma mapema, harudi kwa miaka saba."

"Saba?"

"Kuna mtu wa Fond du Lac alichoma siku ya pili. Mpaka leo anafuga kuku."

Saa tano kasorobo Royal aliingia kwenye kibanda chake, akafunga mlango, akaanza kuvuta kamba polepole. Sekunde chache baadaye sauti ilipasua bati za kibanda cha jirani.

"Mama yangu! Pitzen! Pitzeeen!"

Royal alimtua Klara chini kwenye kiza, akatoka akikimbia na kujifanya anahema. "Umemsalimu?"

"Nilimwambia 'Good morning'," alisema Daktari. "Sikujua niseme nini kingine."

Jumapili ilikuwa hivyo hivyo, ila bei ilipanda, kwa sababu, kama Royal alivyoeleza, siku ya kuzoeana ndiyo ngumu zaidi kwa mwenye kibanda. Klara alipita taratibu zaidi. Daktari hakupiga kelele safari hii. Alitoka nje, akasimama kwenye upepo, akiwa ametulia mno.

"Ameniangalia," alisema.

"Amekutambua, Daktari. Kesho ni siku yako."

"Ana jicho la kung'aa sana."

"Uzee," alisema Royal. "Macho ya wazee hung'aa."

Daktari alilipa ya Jumatatu bila kubishana. Royal alikuwa ameshapanga. Jumatatu angempitisha Klara mbio kama gari la wagonjwa, Daktari angekosa, wangelia wote wawili, na kabla ya machozi kukauka angemuuzia nafasi ya mwaka ujao. Mpango huo haukuwa na kasoro yoyote, isipokuwa kwamba ndani ya ziwa kulikuwa na samaki.

Jumatatu saa tano kasorobo Royal alivuta kamba. Klara alikwenda mpaka kwenye mti wa Krismasi, akageuka kwenye kapi. Royal akavuta kumrudisha. Kutoka kibanda cha Daktari hakukusikika kelele yoyote, hata mkuki kugonga maji. Alishangaa kidogo, akaendelea kuvuta. Pua ya Klara ikatokeza kwenye maji yake ya kijani, kisha mgongo, kisha mkia.

Na nyuma ya mkia palikuwa na pua nyingine.

Mwanzoni Royal alidhani anaona kivuli cha Klara. Lakini kivuli kile kilikuwa na masharubu, na masharubu yalikuwa yakicheza. Samaki aliingia chini ya tundu lake taratibu, akasimama, akaweka kidevu karibu na mkia wa mbao kama anayenusa ua. Alikuwa mrefu kumpita Klara kwa kipande. Mapezi yake yalipunga. Alikuwa hai, akipumua, akisubiri.

Miaka thelathini na moja. Royal hakufikiria Daktari, wala dola, wala lebo. Aliachia kamba, akashika mkuki wa baba yake, akauelekeza nyuma ya kichwa kama alivyofundishwa utotoni, akauachia kwa uzito wake wote.

Kilichofuata kilikuwa fujo. Kibanda kilitikisika, jiko dogo likaanguka, kiti kikatumbukia majini na hakijaonekana mpaka leo. Royal alikuwa amelala kifudifudi juu ya barafu, kamba ya mkuki imejizungusha mkononi, akicheka na kulia kwa sauti moja. Mlango ukafunguliwa, Daktari akaingia mbio. Alipiga magoti, akamkumbatia samaki kichwani kwa koti lake la bei kubwa, na kwa pamoja wakamtoa. Futi saba na inchi moja za jike la sturjeni zikalala sakafuni zikipiga mkia.

Wakakaa chini wanahema. Katika tundu, Klara bado alining'inia majini, kamba puani.

Daktari alimtazama Klara. Akamtazama Royal.

"Leo walipita wawili," alisema. "Wa mbele nilimjua."

"Daktari, ngoja nikueleze..."

"Jana niliona kichwa cha pini kwenye jicho lake. Bwana Pitzen, mimi kazi yangu ni kuchungulia matundu. Na tangu asubuhi mpaka jioni watu wanafungua midomo mbele yangu na kunidanganya kwamba wanapiga mswaki. Nilirudi leo kuona tu utaishia wapi."

Hapo Royal akakumbuka jambo.

"Lebo," alisema.

"Lebo," alisema Daktari, akipapasa mfuko wa shati lake. "Ipo hapa. Kavu kabisa."

Nje ilisikika pikipiki ya theluji ya askari wa wanyamapori, bado mbali, ikisimama kibanda hadi kibanda kama ilivyo kawaida. Samaki asiye na lebo juu ya barafu ni faini, ni mkuki kuchukuliwa, ni leseni kufutwa. Na zaidi ya yote, samaki angechukuliwa.

"Nipe, Daktari. Nakuomba. Ina jina langu."

"Hela zangu za siku tatu."

Royal alizitoa zote, pamoja na sarafu alizokuwa nazo mwenyewe. "Nini tena? Sema. Unataka pikapu? Chukua pikapu."

Daktari alifikiri. Alikuwa na damu ya samaki kifuani na utelezi mpaka kidevuni, na hakujifuta. "Nataka kuwa kwenye picha," alisema. "Nishike kichwa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Royal alikaribia kumbusu. Mtu aliyewauzia wenzake vitu vya bei rahisi maisha yake yote alipaswa kuijua bei rahisi akiiona, lakini alikuwa na haraka. Akamfunga samaki lebo mkiani, na askari alipochungulia mlangoni alikuta kila kitu ni halali, na Klara amefunikwa blanketi kama mgonjwa.

Saa saba unusu walifika kituo cha kuandikisha. Tulikuwa wengi pale, tukila soseji na kuhesabu samaki wa wenzetu. Pikapu ya Royal iliposimama tulisogea, na tulipoona kilichokuwa nyuma, hata waliokuwa wanatafuna waliacha.

"Nani kamchoma?" aliuliza Clement Dorn, dereva mstaafu wa basi la shule.

"Mimi!" alisema Royal.

Sote tukamtazama Royal, koti lake likiwa kavu na masharubu yamechanwa, maana alikuwa amejitengeneza njiani kwa ajili ya picha. Kisha tukamtazama yule mtu wa Illinois aliyekuwa akitafuta lebo Alhamisi, akiwa amelowa damu na utelezi, amemkumbatia samaki kichwa. Hesabu ile hata mtoto wa chekechea angeijumlisha.

"Eti Daktari?" aliuliza Clement.

Daktari aliweka mkono kifuani. "Ni yeye," alisema kwa upole mkubwa. "Naapa mbele ya Mungu. Lebo ni yake, jina ni lake, mkuki ni wake. Mimi sikufanya chochote." Na jicho lake moja likafumba taratibu, likafumbua.

Kicheko kilichotoka pale kiliwastua bata wa ng'ambo.

"Naapa kweli!" alifoka Royal. "Nimemchoma mwenyewe! Kwa mkono huu!"

"Ndiyo, Royal," tulisema. "Tumekusikia, mwanangu. Usijali, askari haulizi."

Msichana wa idara ya wanyamapori alimpima samaki, akaandika: Pitzen, Royal. Jike. Pauni mia moja hamsini na nane. Nadhani tangu Royal azaliwe, serikali ndiyo pekee iliyopata kumwamini moja kwa moja. Picha ikapigwa. Daktari alishika kichwa na kutabasamu kwa meno yake yote, meno ya biashara. Royal alikuwa nyuma ya mkia.

Ijumaa alimrudisha Klara, akiwa amepakwa rangi kweli, maana alikosa usingizi na alihitaji kitu cha kufanya. Baa ilikuwa imejaa, samaki wa kukaanga wanatoka, viazi vinatoka. Royal alitazama ukutani. Kwenye msumari wake, kwa mara ya kwanza, palikuwa na picha. Daktari alijaa ndani yake kuanzia ukingo hadi ukingo. Nyuma kabisa ilionekana kofia na sikio moja. Mtu alikuwa ameandika chini kwa kalamu: *Royal Pitzen alisaidia kubeba.*

Hapo Royal alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Alipanda juu ya kiti, akasema ukweli. Aliusema wote. Alieleza lebo alivyoiuza, Klara alivyomwazima, kapi, kamba nyeusi, mti wa Krismasi, desturi ya siku tatu aliyoitunga akivaa glavu. Alieleza jinsi pua ya pili ilivyotokea nyuma ya mkia wa mbao, na masharubu yalivyocheza. Alipofika hapo machozi yalimlenga, na alisema, "Alikuwa mzuri, jamani. Nilimchoma mimi."

Kisha baa ikapasuka kwa kicheko. Mildred wa shule alilalia meza. Clement Dorn alisimama akijipangusa macho, akampelekea brandi.

"Royal," alisema, "umetudanganya miaka mingi, lakini huu! Eti akamfuata wa mbao! Eti 'good morning'! Huu ndio uongo wako bora kuliko wote, kunywa, nalipa mimi."

Royal alishuka kwenye kiti. Alikwenda kukaa kwenye kona ya kaunta, na mkono wa Lavonne ukamsogezea sahani ya samaki.

"Mimi nakuamini," alisema Lavonne chinichini.

Royal alinyanyua kichwa. "Basi waambie!"

"Niwaambie nini? Unadhani zile pete baba alizitia kwa ajili ya kutundikia?" Alimtazama Klara, aliyekuwa amerudi juu ya kaunta, anang'aa. "Miaka kumi na tisa alimvuta. Wageni wa Milwaukee walilipa kumwona akipita, na sturjeni wa kweli walimfuata kama watoto wanavyofuata mwuza aiskrimu. Nusu ya ukuta huu ni Klara."

Royal alitazama ukuta. Picha zote zile, vifua vyote vile vilivyotunishwa. "Na yeye Aloys? Alichoma wangapi?"

Lavonne alionyesha msumari wa kwanza kabisa, juu ya mashine ya pesa. Royal alikuwa ameuona maisha yake yote ukishika kalenda.

"Hata mmoja. Mikono yake ilikuwa na kamba," alisema Lavonne. "Wewe ndiye wa kwanza aliyevuta na akachoma. Baba angekuvulia kofia, Royal. Nasema kweli."

Royal alishikwa na furaha na uchungu kwa pamoja, na hakujua aanze na kipi. Alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna mtu wa ziwa hili aliyewahi kulifanya, na shahidi wake alikuwa kikongwe mmoja mwenye sababu zote za kunyamaza.

"Niazime tena mwakani," alisema hatimaye. "Nitakata lebo yangu. Siuzi. Safari hii mkuki tu."

"Haiwezekani. Daktari amemkodi Klara msimu mzima. Amepiga simu asubuhi kuuliza lebo za mwakani zinaanza kuuzwa siku gani na saa ngapi. Anasema bado anamtaka wake mwenyewe, wa kuchoma kwa mkono wake."

"Na nani atamvutia kamba?"

"Aliniuliza hivyo hivyo." Lavonne alifuta glasi, akaigeuza kwenye taa. "Nikamwambia yupo fundi mmoja hapa mjini, hakuna mwenye mkono mzuri kumzidi. Na siku hizo huwa hana kazi nyingine ya maana."

Nyuma yao Clement alikuwa akisimulia upya habari ya kapi, na tayari ameiongezea kapi la tatu. Royal alitazama picha ukutani, lile sikio lake moja nyuma ya mkia. Akatazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na alama nyekundu za kamba. Akakata kipande cha samaki, akatafuna kwa muda mrefu, akameza.

"Anatoa ngapi kwa siku?" aliuliza.